Mkaguzi Mtani

Isihaka alikuwa na ulimi mchafu, na watu walimpenda kwa ulimi huo huo. Babu yake alitoka Unyamwezi na mzigo wa mtu mwingine kichwani, akafika karibu na Mlandizi, akaona ardhi, akaona na mwanamke, mzigo akautua hapo hapo. Wajukuu wakazaliwa Gwata, Waislamu wa kuzaliwa, wakalima mihogo na ufuta kama majirani zao, Kinyamwezi wakakisahau chote. Kitu kimoja tu hawakukisahau, kwamba Mzaramo ni mtani wao. Na mtani, kwa asiyejua, ni mtu mwenye ruhusa. Atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Atamchukua jogoo wako bandani amchinje, na wewe ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa, utadaiwa jogoo wa pili.

Kazi kubwa ya mtani iko msibani. Alipofariki mzee Mwinyimadi, mwenye duka Kisarawe, bahili aliyekuwa akipima hata chumvi huku ameshika pumzi, Isihaka aliingia uani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akachechemea kama marehemu, akaanza kuwakagua waombolezaji vikombe vyao. "Wewe, sukari umeweka vijiko vingapi? Nimekufa, sijafilisika!" Kisha akajilaza kizingitini jeneza lisipite mpaka apewe ada yake. Vijana wakamrushia sarafu, wakambeba juu juu huku wanaimba, wakamtupa kando ya banda la kuku. Mjane, Bi Mwanamkuu, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, alicheka mpaka akaomba uji. Sasa mtu kama huyo utaachaje kumpenda?

Lakini utani una sheria yake, na hiyo ndiyo iliyomla. Neno la mtani halina uzito. Akisema umekufa, hujafa. Akikutukana, hakukutukana. Wazee wa Kibuta walikuwa wakisema kwamba mtani akianza kuapa, malaika huweka kalamu chini.

Isihaka mwenyewe alioa huko huko utanini, binti wa Kisarawe aitwaye Sada, na sheria hiyo nusura imzike. Kidole tumbo kilimshika yuko uani, akaanguka, akagaagaa mchangani, akalia, "Sada, nakufa!" Sada akamjibu, "Kufa basi, nirithi pikipiki," akaendelea kukuna nazi yake. Alikuna mpaka akamaliza. Mume alipotapika na macho kumgeuka ndipo jirani akapiga kelele kwamba jamani, huyu leo hatanii. Walimfikisha hospitali kidole tumbo kimekwisha kupasuka. Mwenye akili angejifunza kitu hapo. Isihaka alipopona akakigeuza kuwa kisa cha kuchekeshea watu, akakisimulia harusini na msibani mpaka kikachosha.

Riziki yake aliipata Mkuza, Kibaha, kwenye banda la kuungia vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, bampa za daladala zilizopinda, vyote alivifanya, na alivifanya vizuri. Huko ndiko Zaidi alikomfuata. Zaidi alikuwa zaidi kwa jina na kwa tabia. Alikuwa na machimbo ya kifusi Kibuta, kifusi kilipokwisha akabakiwa na shimo kubwa lisilo na faida, na mtu wa namna ile hawezi kulala akiwa na kitu kisichomwingizia faida. Akashindilia moramu akatengeneza njia ya mzunguko, akazungushia kamba, akatangaza mbio za magari. Si magari ya mbio, la! Magari ya watu, haya haya ya kuendea kazini Jumatatu na kumpeleka mtoto kliniki. Vijana wa Kibaha na wa Dar wakaja mbio kama kumbikumbi kwenye taa.

Siku ya kwanza tu gari moja likapinduka, tairi la akiba likaruka kutoka nyuma likamvunja dereva bega. Wakubwa wa wilaya wakasema funga. Zaidi akalia, akabembeleza, akaambiwa basi, tafuta mkaguzi, na gari lolote lisilo na vifaa vya usalama lisiingie. Mwanamke mmoja wa chama cha mbio akaletwa kutoka mjini, akakaa na Isihaka akamfundisha.

Na Isihaka alifundishika, hilo tumpe. Alielewa kwamba gari la mtaani likiingia kiwanjani si gari lile tena. Kila kitu kilichokaa kwa ustaarabu barabarani kitaruka: jeki, spana, chupa ya maji, spika za muziki. Vyote vitolewe. Betri ikazwe isicheze. Kofia ya kichwani iwe ya kufunika uso wote, isiwe na ufa, siyo ile elementi ya bodaboda iliyokwisha kuanguka mara mia. Mkanda usiwe umechanika wala kuungwa kwa sindano. Viatu vya kufunika mguu, shati la pamba la mikono mirefu, maana nailoni ikishika moto inaganda na ngozi. Na mtungi wa kuzimia moto uwe mzima, ukae karibu na mkono wa dereva, ufungwe kwa kishikizo cha chuma na bolti kwenye sakafu ya gari. Hapo kwenye mtungi yule mwanamke alikazia. Alisema watu wengi wanaununua kwa ajili ya trafiki, wanautupa chini ya kiti, hawajui kwamba kwenye mbio mtungi usiofungwa ni adui aliyepanda gari pamoja na wewe.

Isihaka akayashika yote, na akayasema kwa mdomo wake aliouzoea. Kijana akija na ndala, "Vipi, umekuja kutawadha?" Mwingine akija na mkanda ulioshonwa, "Huu mkanda au sidiria ya bibi yako?" Vijana wakaona haya, wakarudi na viatu, wakanunua mikanda. Mwanzoni, kejeli ilifanya kazi ambayo amri isingefanya. Ningeachia hapo, hadithi hii ingekuwa ya kumsifu mtu.

Ila Zaidi alimsikia, na Zaidi akampa maiki.

Basi tena! Ukaguzi ukageuka ngoma. Watu wakaanza kuja mapema kuliko magari, wanawake na mikeka, wauza mihogo ya kukaanga, watoto juu ya mikorosho, wote kumsikiliza mkaguzi mtani. Mbio zenyewe zikawa kitu cha pembeni. Wakamrekodi kwa simu, wakasambaza. Ikafika mahali vijana wanakuja na kasoro kusudi, mtu ana viatu vizuri ndani ya buti lakini anashuka na ndala, mradi atukanwe na Isihaka apate kuonekana. Isihaka aliliona hilo. Aliliona vizuri sana, na alipenda. Alianza kulala akitunga matusi.

Miongoni mwa madereva alikuwepo Halidi, mtoto wa Bi Zena wa Kibuta. Huyu alikuwa dereva wa kukodiwa hapo Mkuza, kijana mcheshi, mwembamba, gari lake jeupe la milango minne aliliita Bi Harusi na alilifuta vumbi kwa kanga. Kila alipopita bandani kwa Isihaka alipunguza mwendo.

"Shikamoo, mpagazi!"

"Marahaba, mtumwa wangu. Mizigo yangu umeitua wapi?"

Walipendana. Mtani wa kweli humpati kila siku, na Isihaka hakujaliwa mtoto wa kiume.

Bi Zena alikuwa na shamba la mikorosho na mtoto mmoja, hana kingine. Siku moja alimfuata Isihaka kiwanjani, akamvuta kando ya gari la soda, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mtani, mie magari siyajui. Naona yanapita tu, vumbi. Wewe unayajua. Ukiona kitu kibovu kwa Halidi, mzuie. Akasirike, anitukane na mie, lakini mzuie. Sina mwingine."

Hapo ndipo mtu angejibu, "Nimesikia, dada." Maneno mawili, hayana gharama. Isihaka akajibu, "Nimzuie ili iweje? Akifa mimi napata jogoo."

Bi Zena akacheka, akamchapa begani kwa ncha ya kanga, akaenda zake ametulia, maana kwa watani jibu kama lile ni sawa na ndiyo. Na kweli Isihaka alilichukua moyoni. Tangu siku ile gari la Halidi alilikagua mara mbili, akaingiza kichwa chini ya kiti, akatikisa bolti kwa vidole vyake mwenyewe. Kile kishikizo cha mtungi yeye ndiye aliyekiunga.

Sasa ikaja Jumapili ile. Ilikuwa siku ya kufunga mashindano ya msimu, kiwanja kimejaa mpaka kwenye kingo za shimo. Firdausi, mchumba wa Halidi, alikuwa amekuja kutoka Kibaha na dada zake wawili, wamevaa madera ya kufanana, na Halidi tangu asubuhi alikuwa anatembea kama mtu aliyemeza fimbo.

Bi Harusi akafika kwenye foleni ya ukaguzi. Isihaka, maiki mkono wa kushoto, akainama mlangoni kwa dereva, akapeleka mkono chini ya kiti. Kishikizo kilikuwa hakipo. Mtungi ulikuwa umesokomezwa hapo na kipande cha gunia, umelala kwa ubavu.

"Kishikizo kiko wapi?"

"Kimekatika, mtani. Juzi, kwenye makorongo ya kutoka Mzenga. Si nimeubana na gunia? Hauchezi."

Isihaka akauvuta kwa kidole kimoja. Ukatoka, ukabingirika mpaka kwenye miguu ya Halidi. Moyo wake ukapiga. Nataka mjue kwamba ulipiga, hakuwa mtu asiye na moyo. Lakini maiki ilikuwa wazi, na kiwanja kizima kimenyamaza kikisubiri, na mdomo ukatangulia.

"Jamaniee! Mtumwa wangu leo kapakia abiria, mtungi! Huu mtungi utamuua kabla ya moto kufika. Mchumba yuko wapi? Firdausi! Ulishonewa gauni la harusi? Lipake rangi nyeusi!"

Lo! Kiwanja kilipasuka kwa vicheko. Dada zake Firdausi wakapigana makofi ya mgongoni. Halidi naye akaegemeza kichwa kwenye usukani akacheka mpaka machozi.

Isihaka akazima maiki, akaiweka juu ya paa la gari. Akainama karibu.

"Halidi. Nisikilize. Sikutanii. Huu mtungi ukibingirika ukaingia chini ya breki, huna breki. Leo usiingie. Kesho njoo bandani nikuungie kingine."

Halidi akamtazama usoni. Kisha mdomo ukaanza kumcheza. "Mtani bwana! Leo umetia na sura ya msiba! Hiyo ni mpya, kinoma!"

"Wallahi, Halidi."

"Haya, na kiapo!" Halidi akatoa kichwa dirishani akawapigia kelele walio karibu. "Oyaa, mpagazi anaapa! Malaika wekeni kalamu!"

Wakacheka upya. Isihaka akakataa kubandika stika. Bila stika gari haliingii, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kiwanja. Zaidi akaja mbio na miwani yake ya jua, akamwambia pole pole, huku anawatabasamia watu, "Kaka, umekwisha kuwachekesha, inatosha. Foleni ndefu." Isihaka akasema hapana, gari hili ni bovu. Zaidi akacheka naye kama waliokuwa wamepanga, akaichukua stika mkononi mwake, akaibandika mwenyewe kwenye kioo. Watu wakashangilia.

Basi Isihaka akafanya kile alichokijua. Akaenda mbele ya Bi Harusi, akajilaza chini, chali, kwenye moramu, mikono ameinyoosha. Akapiga kelele, "Haendi! Mtoto wa Zena haendi! Mnikanyage kwanza!"

Mnaona alipokosea? Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akijilaza mbele ya majeneza, na kila Mzaramo aliyekuwepo pale alijua mtani akijilaza njiani hufanywa nini. Wakaanza kumrushia sarafu. Sarafu zikamdondokea kifuani, shingoni, moja ikampiga jino. Wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wakaja, huyu mguu, huyu mkono, wakamnyanyua juu juu na wimbo ule ule wa msibani, huku yeye anarusha miguu na kulia, "Niacheni, atakufa! Atakufa, jamani!" Na kadiri alivyolia ndivyo wimbo ulivyopanda. Bi Zena naye alikuwepo, huko juu ukingoni na wenzake, na kutoka alipokuwa aliona mambo ya kila siku. Alikuwa anacheka.

Wakamtupa kwenye kichaka cha mikoche. Akainuka na miiba matakoni, shati limetoka, na watu walipoona anajishika nyuma walicheka kuliko mwanzo. Na Isihaka, Mungu amsamehe, akacheka na yeye. Kilimtoka tu. Uso ulikuwa umezoea, ukishachekewa unacheka.

Zaidi akamtia maiki mkononi. "Mtangaze."

Injini ilikuwa inanguruma, haijaondoka. Alikuwa na nafasi. Kofia ya injini ya Bi Harusi haikuwa na komeo, angeweza kuifungua akang'oa waya wa betri, akatoboa hata tairi, Halidi angemtukana kwa wiki moja wakaisha. Alifikiri hivyo. Kisha akaona nyuso zote zile zinamtazama zikisubiri, akaona haya kwamba mtu mzima mwenye miiba matakoni ataonekana kichaa. Akaiweka maiki mdomoni.

"Haya, mpisheni! Anaingia marehemu mtarajiwa, Halidi bin Mihogo!"

Bi Harusi akaingia kiwanjani na vigelegele nyuma yake.

Mzunguko wa kwanza Halidi aliupita vizuri. Wa pili akampita mwenzake kwenye kona ya mikorosho, Firdausi akaruka. Kwenye ule unyoofu mrefu unaoshuka kuelekea ukuta wa machimbo, pale kila dereva hupiga breki mapema, Isihaka alikuwa ametoa macho akitazama taa nyekundu za nyuma. Hazikuwaka. Gari lilishuka vile vile lilivyokuwa, bila kupunguza, likaingia ukutani.

Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, kwa mbio ambazo hakuwahi kukimbia tangu utoto. Kofia ilikuwa nzima. Mkanda ulikuwa umeshika. Betri haikutoka, wala moto haukuwaka. Yote aliyoyakagua yalikuwa sawasawa. Sehemu ya mbele ya gari ndiyo iliyokuwa imerudi ndani mpaka kwenye kifua cha kijana, na huko chini, mtungi ulikuwa umejikita nyuma ya pedali ya breki, na mguu wa Halidi bado unaikandamiza.

Macho yalikuwa wazi ndani ya kofia.

"Mtani," alisema. "Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

Alikata roho njiani, kabla hawajafika Kisarawe.

Askari aliyekuja kupima alikuwa kijana wa huko huko. Zaidi akamwambia gari lilikuwa na stika, ajali kazi ya Mungu. Isihaka akamshika askari mkono akamwambia, "Afande, mimi ndiye mkaguzi. Mtungi haukufungwa, nilijua. Nikamtangaza aingie. Nikamate mimi." Askari akautoa mkono wake taratibu, akatikisa kichwa. "Mtani, hata leo? Heshimu basi kidogo, damu haijakauka."

Kesho yake, uani kwa Bi Zena, watu walikuwa wamejaa mpaka mashambani. Jeneza lilikuwa tayari, limefunikwa, wanaume wamejipanga kwenda makaburini. Ila hawaondoki. Wanatazamana. Mzee Shabani, mkubwa wa ukoo, akauliza kwa sauti, "Mtani wetu yuko wapi? Mtoto wa watu ataondokaje kimya kimya kama mzoga?" Maana huko, mtani akikaa kimya kwenye msiba, amesema kwamba marehemu hakuwa mtu.

Wakamkuta nyuma ya choo amechuchumaa. Wakamleta kwa kumsukuma, wengine wamekwisha kuanza kutabasamu. Mtu akamvika ile kofia ya Halidi ya mbio, kama desturi inavyotaka mtani avae kitu cha marehemu. Akasimama katikati ya uwanja mbele ya jeneza, uso umo ndani ya kofia. Akaivua. Bi Zena alikuwa ameketi kizingitini ameshikwa na wanawake huku na huku, macho yamevimba.

Isihaka alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu nimemuua mimi."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wazee.

"Msicheke. Niliuona mtungi haukufungwa. Mama yake alinishika mikono akaniambia nimzuie. Ningeweza kung'oa waya, sikung'oa, niliona haya. Nikashika maiki nikamwita marehemu, akaingia. Nimemuua mimi, Isihaka."

Walicheka. Walicheka wale waliokuwa wakilia tangu jana, wakacheka huku makamasi yanawatoka, mmoja akamshika mwenzake bega asianguke. "Ameona haya! Isihaka ameona haya, mmesikia?" Firdausi mwenyewe, kwenye kundi la wanawake, alijifunika kanga usoni na mabega yanamtikisika, na hakuna aliyeweza kujua ni kilio au ni kicheko.

Bi Zena hakucheka. Aliitoa mikono ya wanawake waliomshika, akainuka, akaja mpaka mbele ya Isihaka. Watu wakatulia, wakijua mama wa marehemu anajiandaa kumrudishia mtani.

"Sema tena," alisema.

"Nimemuua mimi, dada."

Wakaangua kicheko.

"Tena."

"Nimemuua mimi." Safari hii sauti ilimkatika katikati, na kule kukatika kuliwachekesha zaidi, maana walidhani anaiga jogoo. Aliwageukia, akafungua mikono, akataka kuwaambia kitu, wakacheka na hilo.

Bi Zena akamsogelea mpaka ncha ya kanga yake ikamgusa kifuani, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Mie nimekusikia tangu mara ya kwanza." Kisha akageuka kwa watu, akapaza sauti. "Jamani, nimempata mtani! Hitima atakuja. Arobaini atakuja. Na kila mwaka siku kama ya leo nitamwita hapa, aseme maneno haya haya, asipunguze hata moja, na nyie wote mje mcheke."

Watu wakaitikia, "Inshallah!" Na wanaume wakaliinua jeneza.